Fungu la Kumi

Naapa kwa kaburi la mama yangu, habari hii ni kweli tupu.

Mwaka 1971 tulikuwa watu watano wenye duara moja porini Geita, shimo la dhahabu lililojaa maji hata vyura wakawa wanapanga foleni. Mimi, Ngassa, nilikuwa karani, maana nilijifundisha kuandika kwa kunakili maneno ya kwenye magunia ya pamba. Tukamwita Leodgar wa Ushirombo, fundi pampu. Pampu yake ilivuta kwa nguvu, siku moja ikamtoa kambare kavaa kofia ya mchimbaji.

Tulimtajia shilingi sitini kwa mwezi. Yeye alitaka mia.

"Mke wangu, Mama Mektilda, miguu imevimba," alisema. "Nataka nimpeleke Mwanza."

"Mia hatuna, bwana," nikamwambia. "Duara bado changa. Chukua arobaini, na mgao wa mawe ya dhahabu juu yake. Mshahara unaliwa ukaisha. Mgao unakuwa ng'ombe."

Alifikiri sana, huku akifuta spana kwa shati. "Basi fungu moja katika kila kumi."

Nikaandika: shilingi arobaini, na fungu la kumi. Nilipomsomea alicheka. "Kama kanisani," akasema, akabonyeza dole gumba kwenye karatasi.

Mawe yalipotoka, Leodgar alipata fungu lake, akampeleka mkewe Mwanza kwa gari, na mama akarudi akicheza.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia miaka yote. Mwezi uliopita niliisimulia kule Nyahanga, kwenye benchi la mgahawa wa chai. Mwanamke aliyekuwa akikanda maandazi akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee Ngassa."

"Marahaba, mama."

"Mektilda ni mimi. Mama alirudi akicheza lini?"

Akatoa karatasi kwenye kopo la majani ya chai. Mwandiko ulikuwa wangu, na dole gumba la Leodgar chini yake.

"Mafungu yalitoka mangapi?"

"Tisa," nikasema. "Kisha mwamba ukaisha."

"Na baba ulimwambia nini?"

Nilimwambia fungu la kumi halijatoka. Wenzangu walicheka, wakanisifu kwa kalamu. Leodgar alizunguka yale mafungu tisa akigusa moja moja kwa spana, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea kuhesabu. "Ngassa, ulinielewa," alisema. Nilikuwa nimemwelewa tangu siku ile ya dole gumba. Alirudi kwao kwa miguu, na Anisia, mkewe, akazikwa kabla pamba haijachumwa.

Nikayasema hayo yote, na Mektilda akairudisha karatasi koponi.

"Una ng'ombe wangapi, mzee?" Mektilda akauliza.

"Tisa."

"Kumi na mmoja," akasema Bujiku, jirani yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Jana wamenywa kisimani kwangu."

"Basi wa kumi yupo," akasema Mektilda.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Nilikuwa nimeshampanga yule ng'ombe anayechechemea awe wa kumi mlangoni pa zizi, lakini hakuhesabu. Aliingia zizini akawapitia wote, akiwagusa mgongoni mmoja mmoja, polepole, nami nikashindwa kumtazama. Akasimama kwa yule mwenye maziwa.

"Huyu. Na ile habari uisimulie upya. Mama hakucheza."

Nikafunga kamba, nikamkabidhi. Ng'ombe akagoma kutoka. Ikabidi nimsukume mwenyewe.