Earphone za Baba Prisila

Gelasius hakuwahi kuwa mtu wa mapambo. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Makanyagio, na kila jioni alirudi nyumbani na vumbi la pumba hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo siku alipoingia uani amechomeka masikioni earphone nyeupe, zile zisizo na waya, mkewe Evaline aliacha kupepeta mchele akamkodolea macho.

"Baba Prisila, na wewe umekuwa kijana?"

Gelasius alitabasamu tu, akapita.

Tangu hapo hakuzivua ila wakati wa kulala. Evaline akimwita, kimya. Prisila, binti yao wa pekee, akimsalimia kwa nyuma, kimya. Lakini simu ikitetemeka mfukoni, alinyanyuka upesi akatokomea nyuma ya migomba, akazungumzia huko, mbali na watu. Wa nyumbani akawaambia kwamba mwenye neno amtumie meseji. Yeye, Mpimbwe wa Usevya, aliyependa soga kuliko ugali, leo anataka meseji! Na ukimsemesha mezani, mara anatabasamu pasipo na la kutabasamia.

Evaline aliyaweka yote moyoni, yakachachia humo. Mwishowe alimweleza jirani yake Joséline, mwanamke aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ambaye sasa alikaanga mihogo mbele ya nyumba yake.

"Dada, mtu hachekei hewa," Joséline alisema. "Humo masikioni mna mtu. Ngoja tuipate simu yake."

Waliipata Jumapili baada ya misa. Gelasius alikuwa uani juu ya kigoda, anachonga mpini wa jembe, earphone masikioni, kichwa kinatikisika taratibu kama anayefuata ngoma. Simu ameiacha chumbani inachaji. Evaline akampungia jirani mkono, wakaingia ndani.

Namba ya siri ilikuwa ile ile, mwaka aliozaliwa Prisila. Hilo nalo lilimshangaza Evaline kidogo, maana mwenye la kuficha hubadili. Joséline alitelezesha kidole kwenye kioo kutoka juu kwenda chini, akakuta bluetooth imezimwa. Akaiwasha, akafungua sehemu ya vifaa.

"Zingekuwa zimeshikana na simu hii, jina lake lingekuwa hapa, na chini yake pameandikwa 'Imeunganishwa'. Unaona? Ni patupu. Hizi hazijawahi kuunganishwa hapa hata siku moja."

Evaline akashusha pumzi. Joséline akamkazia macho.

"Usifurahi, dada. Kama hazisikilizi hii, zinasikiliza nyingine."

Simu ya pili! Wakapekua chini ya godoro, mifukoni mwa koti la kanisani, ndani ya buti za kazi, hata ndani ya debe la maharage. Hawakuona kitu.

"Basi anayo mwilini," Joséline alinong'ona.

"Kaa hapa hapa," Evaline akamwambia, akatoka.

Alimjia mumewe kwa nyuma, akamchomoa earphone moja na kuichomeka sikioni mwake mwenyewe, akitegemea kuikuta sauti ya mwanamke. Kimya. Si muziki, si mtu, hata mkwaruzo hakuna. Gelasius alishtuka, akageuka.

"Unasikiliza nini?" Evaline aliuliza.

"Muziki. Umekatika sasa hivi tu."

"Muziki wa nani?" Hili alilisema ameinama, machozi yasionekane. Gelasius hakujibu. Evaline akarudia, bado ameinama. Hakujibu. Alipoinua uso, aligundua kwamba macho ya mumewe hayakuwa kwenye macho yake. Yalikuwa kwenye midomo yake, yanaisubiri.

Akamrudishia ile earphone. Alijifanya anaondoka, kumbe amesimama mgongoni pake, karibu kabisa. Akasema kwa sauti ya kawaida, akijua anatenda dhambi:

"Baba Prisila, mtoto ameumwa na nyoka."

Gelasius akaendelea kuchonga mpini.

Evaline alizunguka mbele yake, akachuchumaa. "Husikii," alisema polepole. "Baba Prisila, wewe husikii."

Gelasius alijaribu kutabasamu kama kawaida yake, safari hii ikamshinda. Akakiweka kisu chini.

"La kushoto limekufa," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "La kulia linalia kama nyenje mchana kutwa. Ni ile mashine. Simu naiweka sauti ya nje ndipo nishike mawili matatu, ndiyo maana naenda migombani."

"Na hizi?"

"Mbovu. Muuzaji mwenyewe alinishangaa nilipozichukua." Alizitazama kiganjani. "Mwenye earphone asipoitika, watu wanasema yuko kwenye muziki. Mimi nisipoitika ningekuwa kiziwi. Tajiri wa mashine akijua, ataniacha kwenye mikanda ile inayozunguka?"

Nafuu ilimjia Evaline kwanza, halafu hasira ikaikalia juu. "Mimi nimepekua hadi maharage! Nimekuuguza malaria, nimekuona uchi na homa, halafu sikio ndilo la kunificha?"

"Sema taratibu," Gelasius alimwomba.

Akayasema yote upya, taratibu, asimpunguzie hata neno moja.

Joséline, aliyesikia makelele tu bila kushika maneno, alikuwa anachungulia mlangoni. "Umeipata?"

"Hakuna simu nyingine. Ni mambo yetu ya ndani, nitakueleza siku nyingine."

Jirani aliondoka amebetua midomo, na Evaline alijua kwamba hakusadiki.

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari alisema la kushoto halirudi, na la kulia litadumu likikaa mbali na kelele. Gelasius alimwendea tajiri mwenyewe akamweleza. Tajiri alinuna, akasema mtu angeweza kukatwa mkono pale, kisha akamhamishia kwenye mizani, nje ya banda la mashine.

Ila shaka haikung'utwi kama pumba. Kwa muda mrefu Evaline bado alijikuta, mara moja moja, amesimama nyuma ya mumewe, akiliita jina lake kwa sauti ndogo kuona kama atageuka. Hageuki. Basi huzunguka mbele, akamgusa bega, akamwambia chakula tayari.