Daktari Bingwa wa Vitambaa

Ukitaka kulijua duka la dobi la Shangazi, fuata mvuke. Ulitoka dirishani mchana kutwa, na nyuma yake alikuwapo Shangazi mwenyewe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, akikagua kola za watu kama hakimu anayesikiliza kesi. Pembeni alisimama binti wa kaka yake na pasi. Walimwita Kimya, kwa sababu alitazama sana na kusema kidogo.

Shangazi ndiye aliyempeleka kwenye darasa la intaneti, katika chumba cha nyuma cha maktaba. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi wateja wanapatikana mtandaoni, akadhani mtu anakwenda huko na kurudi nao. Kimya akaenda. Akajifunza kushika kipanya bila kukikaba koo, kufungua barua pepe, kutafuta neno, kutafuta hata picha ilikotoka. Mwalimu wao, kijana mwenye subira ya kununua, aliwafundisha kwamba ukiona habari, uiulize: nani kasema, kajuaje, na nani mwingine anasema hivyo?

Jirani yake wa meza alikuwa dereva mstaafu waliyemwita Mzee Sambaza. Jina hilo alilitolea jasho. Hakuna ujumbe ulioingia kwenye simu yake ukalala humo. Uwe wa dawa, wa mvua au wa mbuzi aliyezaa mtoto mwenye sura ya diwani, ungefika kwa watu kabla yeye hajamaliza kuusoma.

Ndipo Mwalimu akatoa kazi: kila mwanafunzi atunge uongo unaofanana na ukweli, auweke kwenye kundi la darasa, ili wazijue mbinu zinazotumika. Kimya alifikiri sana. Hakutaka kumdhuru mtu, kwa hiyo akatafuta uongo wa kijinga kabisa, ambao hata mtoto angeucheka. Akaandika:

"Wataalamu wathibitisha: chai kali isiyo na maziwa hung'arisha nguo nyeupe na kutoa madoa yote kuliko sabuni. Loweka mpaka ipoe. Usiwe mchoyo, watumie unaowapenda. Daktari Bingwa wa Vitambaa."

Akabandika picha ya mwanamume mwenye koti jeupe na tabasamu la kukopesha. Mzee Sambaza alichungulia, akacheka mpaka akakohoa. "Chai, binti yangu? Utatuua." Mwalimu naye alisoma, akatikisa kichwa. "Umeandika vizuri, ila jitahidi uongo wako uaminike. Huu hakuna mtu mzima atakayeukubali."

Kimya akarudi kwenye pasi yake akiwa na alama ndogo na dhamiri safi.

Wiki ile ile likaletwa gauni la bibi harusi. Lilikuwa jeupe, refu, na lenye doa la kutu kiunoni, pale pini iliposahauliwa. Mama wa bibi harusi alilileta mwenyewe, amelibeba kama mgonjwa. "Mwenzangu, harusi ni Jumamosi," alimwambia Shangazi. "Likiharibika, sijui nitamwambia nini mwanangu." Shangazi akaapa litatoka likiwa jeupe kuliko lilivyoshonwa. Hapakuwa na gauni jingine, wala nafasi ya kushona jingine, na mama yule ndiye aliyekuwa mdomo wa mtaa mzima. Alichokisema yeye asubuhi, jioni kilikuwa sheria.

Kesho yake Kimya aliingia dukani akakuta sufuria kubwa jikoni inachemka, nyeusi tititi.

"Shangazi, tuna wageni?"

"Hapana."

"Chai yote hii ya nani?"

"Ya gauni," alisema Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyeendelea kielimu. Akamsogezea simu. "Soma hapo. Nimetumiwa na kina mama wa saluni."

Kimya akasoma. Koti jeupe lilikuwapo. Tabasamu lilikuwapo.

"Shangazi, hii niliandika mimi."

Shangazi akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayedai ndiye aliyewasha jua. "Wewe."

"Mimi. Ilikuwa kazi ya darasa."

"Kimya, mwanangu. Wewe hata barua ya kuomba ruhusa shuleni nilikuwa nakuandikia mimi. Leo umekuwa Daktari Bingwa wa Vitambaa?"

"Hakuna daktari wa vitambaa. Nilimtunga."

"Kama hayupo, hii picha ni ya nani?"

Hapo Kimya akapata tumaini, kwa kuwa swali hilo alikuwa na jibu lake. Akaitafuta ile picha kama alivyofundishwa, akamwonyesha. Bwana yule yule, koti lile lile: hapa anauza mswaki, hapa godoro, hapa tangi la maji.

Shangazi akatazama kwa makini. "Unaona sasa?" akasema. "Anajua mambo mengi."

"Lakini Shangazi, miaka yote unatoa madoa ya chai kwenye mashati ya watu."

"Hayo ni madoa. Hii ni tiba. Hebu nipishe, ikipoa sana haifanyi kazi."

Akamimina chai kwenye beseni. Akaliinua gauni. Kimya angeweza kulia, angeweza kulivuta likachanika, angeweza kumkimbilia Mwalimu, ambaye angekuja na maswali yake matatu na kukuta jambo limekwisha. Badala yake akauliza polepole, kama mtu anayeuliza saa:

"Umejaribu kwenye pindo?"

Mikono ya Shangazi ikasimama hewani.

Hiyo ilikuwa sheria ya duka, na aliyeitunga ni yeye. Sabuni mpya, dawa mpya, hata maji ya bomba jipya, hayaigusi nguo ya mtu kabla hayajajaribiwa mahali pasipoonekana. Kimya alikuwa amesimangwa kwa sheria hiyo tangu akiwa hajafikia meza ya pasi.

"Daktari amekwisha kuthibitisha," alisema Shangazi, lakini sauti ilikuwa imepungua kilo.

"Sawa. Sisi tunajaribu tu kwa desturi."

Ndani ya mshono wa chini fundi alikuwa ameacha kipande cha ziada. Shangazi akakikata, akakichovya, akakaa. Kikatoka na rangi ya kiatu. Akakisuuza. Rangi ya kiatu. Akakisugua kwa sabuni, akakinusa, akakigeuza upande wa pili, labda upande huo umesoma maelekezo vizuri zaidi.

"Daktari hakufafanua majani ya aina gani," alisema mwishowe.

"Hapana, hakufafanua."

"Lete limau na chumvi. Na hiyo chai usimwage, tia sukari."

Kabla jua halijazama, doa la kutu lilikuwa limetoka kwa njia ile ile ya siku zote, isiyo na daktari wala koti.

Shangazi, mtu wa haki, akaandika kwenye kundi la saluni kwamba habari ile ni uongo, amejaribu mwenyewe. Majibu yakamiminika. Una ushahidi gani? Wewe umesomea wapi? Usipinge wataalamu kwa wivu wa biashara. Kina mama ambao hawakumwuliza Daktari hata jina lake, sasa walimtaka dobi alete vyeti.

"Watu hawa wana nini?" alinung'unika Shangazi. Kimya akaangalia pasi yake.

Ijumaa, Mzee Sambaza akaingia na mfuko, anatembea kiubavu. Alialikwa kwenye harusi ya kesho yake. Akatoa shati la kahawia, kahawia safi, kutoka kola hadi vifungo.

"Lilikuwa jeupe," alisema kwa unyonge.

Kimya akamtazama. "Mzee, si ulikuwapo nilipoandika? Si ulicheka?"

"Nilikuwapo, binti yangu. Na nilipoisambaza niliisambaza kama kichekesho." Akashusha sauti. "Lakini ilinirudia kutoka kwa shemeji yangu, yuko ng'ambo. Nikasema, aa, kumbe wenzetu huko wameichunguza wakaona ni kweli."

Shangazi alilipokea shati, akalipeleka kwenye mwanga.

"Lete mkasi, Kimya," akasema. "Tuanze na pindo."