Mpangaji wa Chumba cha Mbele

Nyundo ilipoanza kulia uani, binti aliacha nguo za mtoto kwenye beseni akatoka mbio, mikono ikichuruzika povu. Alimkuta baba yake, seremala mstaafu asiyejua kustaafu, anabomoa ukuta wa chumba cha fundi cherehani. Fundi mwenyewe amesimama nje, mashine yake imeshafungwa kwa shuka.

"Baba! Nini tena?"

"Namjengea mke wangu chumba." Mke wake ni mjukuu, ambaye hata meno hajamaliza kuota. "Huyu nimemwambia ahame."

Fundi cherehani akashika kiuno. "Mimi sigombani na mtu. Niambieni tu, mwenye nyumba hapa ni nani? Nimsikilize mmoja."

Swali lilimchoma binti kama sindano. Ndilo lililokuwa likimnyima usingizi tangu walipotoka kwa wakili.

Wakili aliwaeleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Mzee akifa nyumba ikiwa bado mali yake, kodi ya urithi itadaiwa kwanza, na binti asiye na akiba ataiuza ili ailipe. Nyumba ya jirani ilikwenda hivyohivyo: machozi hayajakauka, dalali yuko mlangoni. Dawa ni mzee ampe binti nyumba angali na nguvu zake, kisha miaka ya kutosha ipite. Lakini aitoe kweli. "Huwezi kutoa ng'ombe ukabaki umeshika kamba," wakili alisema. Akitaka kuendelea kukaa humo, awe mpangaji, alipe pango kama mtu baki, na neno la mwisho liwe la binti. La sivyo, watoza kodi watasema hakutoa kitu.

Mzee alisaini huku anacheka. Pango la chumba chake cha mbele alilipa bila kukumbushwa. Ila kamba hakuiachia. Geti alilipaka rangi bila kuuliza, vitasa akavibadilisha, mti wa kivuli akaukata. Kila mara binti alimeza mate akanyamaza. Utamkatazaje mtu aliyekutengenezea hadi kitanda ulichozaliwia?

Sasa nyundo imeinuliwa tena.

"Baba, weka chini."

"Subiri kidogo, tofali hili..."

"Hapana, baba." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Fundi hahami. Ukuta haubomolewi. Dada, rudisha mashine yako ndani."

Mzee alimtazama kama vile mtu mwingine ameingia kwenye nguo za mwanawe. Akaiweka nyundo chini, akajifuta vumbi, akatoka getini bila kuaga.

Binti hakutulia. Alisuuza nguo moja mara tatu. Alimbeba mtoto, akamlaza, akambeba tena. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda. Nimemfukuza baba yangu kwenye nyumba ya jasho lake, aliwaza. Kuokoa kuta, halafu nimpoteze mwenye mikono iliyozijenga, ni faida gani?

Jua lilikuwa limeanza kulegea aliposikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa mtu yule.

"Hodi!"

Mlango ulikuwa wazi. Mzee amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, haingii.

"Mama mwenye nyumba, mlango wa chumba changu umeachia bawaba. Naomba ruhusa niutengeneze."

Binti akajikaza. "Mpangaji hajitengenezei ovyo. Nitatafuta fundi."

"Fundi gani?"

"Nasikia chumba cha mbele kuna seremala hodari. Ila mbishi huyo!"

"Mbishi kweli," mzee akakubali, mdomo ukimcheza. "Lakini siku hizi anaambilika."

Mtoto alinyoosha mikono kumtaka babu. Hata hivyo mzee hakuvuka kizingiti. Alisubiri.

"Karibu, baba," binti akasema. Hapo ndipo alipoingia.