Wanawake wa Chumba cha Kufulia

Dulcie alishika brashi ya rangi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini na moja. Kabla ya hapo alikuwa karani, kwanza Nairobi, kisha Toronto, akipiga taipu barua za watu wengine.

Alipostaafu alijiunga na darasa la uchoraji mtaani kwao Parkdale, hapo Toronto. Mwalimu alitazama picha yake ya kwanza akasema watu wake wana mikono kama uma. Darasa zima likaangua kicheko. Dulcie naye alicheka, ila neno lile lilimkaa rohoni.

Basi majira yote ya baridi akachora mikono tu. Alishuka na daftari hadi chumba cha kufulia cha jengo lao la ghorofa, akawachora wanawake wakikunja shuka. Wamaitha, nesi Mkenya wa ghorofa ya tisa, ndiye aliyekubali kwanza.

"Anti, usinipunguze hata kilo moja," alimwambia. "Nichore nilivyo."

Akamchora alivyo.

Savia, binti yake Dulcie, alikuja kutoka mji jirani wa Markham, akakuta turubai zimejaa hadi bafuni.

"Mami, sasa utakaa wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Nimekaa ofisini miaka thelathini na minne," Dulcie alimjibu kwa Kiswahili. "Sasa nasimama."

Alipeleka kazi zake kwenye mashindano ya wachoraji, akakataliwa. Mwaka uliofuata, vilevile. Mara ya tatu alikuwa na miaka sabini na sita, na picha yake ilikuwa kubwa kuliko meza ya chakula: wanawake sita wakikunja shuka moja nyeupe.

Ilipotangazwa kuwa ya kwanza, Wamaitha, aliyekuwa ametoka zamu na sare yake mwilini, alipiga vigelegele hadi ukumbi mzima ukageuka.

"Mbona ulingoja sana?" mtangazaji alimuuliza Dulcie.

"Sikungoja. Nilikuwa kazini."

Watu wakasimama kumpigia makofi.

Msimamizi wa jumba moja la sanaa akaomba kuziona nyingine. Zilikuwa arobaini na moja, naye alizitaka zote kwa maonyesho ya Dulcie peke yake. Gari lilipokuja kuzichukua, lifti haikuzitosha. Majirani wakajipanga kwenye ngazi, wakapokezana picha huku wakiimba, Savia akiwa mbele, jasho likimtiririka.

"Polepole!" Dulcie aliwapigia kelele kutoka chini, akicheka. "Hiyo ya mwisho rangi bado mbichi!"