Jembe la Chepkurui

Rangi ya waridi ilikuwa imeanza kuonekana ndani ya chupa yangu Chepkurui alipoanguka. Sakafu ya maabara ilipokea bega lake kwanza, kisha vioo. Msimamizi wa mtihani akatukemea tusiondoke mahali petu. Nami, Mungu anisamehe, sikuondoka. Nilihesabu matone mpaka mwisho.

Ilikuwa homa ya matumbo. Alilazwa Nakuru siku tisa, na karatasi zote zilizosalia za kidato cha nne zikampita.

Tulikuwa tumetoka Keringet pamoja, tukakaa dawati moja miaka minne, sote tukiutaka udaktari. Kemia niliyoijua ni yeye aliyenifundisha, kwa subira, akichora kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja.

Januari nikapata A. Alama zake yeye hazikutosha hata kuomba nafasi. Jumapili, nje ya kanisa, baba yake, mzee Kiprugut, akanipa mkono.

"Hongera, Jepleting. Umekuwa na bahati."

Neno lile liliniwasha kama upupu. Kesho yake nikaenda, bila haya, kumlalamikia Chepkurui. Nilimkuta akipalilia viazi, ukungu umemfika kiunoni.

"Nilisoma. Wewe unajua nilisoma."

Akanyoosha mgongo. "Ulisoma. Kwani mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa safi. Akaniambia alitaka kurudia mtihani, lakini mzee alikuwa amesema shule imeisha na viazi havingoji mtu.

"Leta hilo jembe. Wewe enda usome."

"Wacha mchezo, Jepleting."

"Leta."

Siku ya kwanza mzee Kiprugut alicheka mpaka akashika ua wa shamba. Nilikuwa nakata viazi pamoja na magugu. Wiki ya tatu hakucheka tena. Alinipimia mistari yangu kama kibarua yeyote. Malengelenge yalipasuka, yakapona, yakawa ngozi ngumu. Kutoka kibandani nilimsikia Chepkurui akijisomea kwa sauti, na sauti ile ikikatika, nilimpigia kelele aendelee. Mwezi wa tatu, mzee mwenyewe alimpeleka Molo kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi. Alivaa koti lake la kanisani.

Agosti niliitwa chuo kikuu, Nairobi, kusomea udaktari. Asubuhi niliyoondoka, nilimwona mzee akipalilia mistari yangu, yeye peke yake.

Januari iliyofuata, simu ililia nikitoka darasa la anatomia.

"Ni A," Chepkurui akasema.

Nyuma yake nilimsikia babake akiuliza kama nimesikia vizuri ama arudie. Nikaketi kwenye ngazi. Wanafunzi wakanipita huku na huku.

"Jepleting? Uko?"

"Niko," nikasema, nikijipangusa uso. "Mwezi wa tisa ukikuja chuo, hiyo blanketi yako nzito uiwache. Huku hakuna baridi ya Keringet."