Juninho Wawili wa Kashikishi

Chouchou alikuja soko la Kashikishi kuuza maharagwe ya shamba lake la Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, akanaswa na mpira. Ba Davison, kama walivyomwita kwa heshima kocha wa timu ya wanawake wa sokoni, alimwona akiurudisha uwanjani kwa kisigino mpira uliopotea, akamwita mazoezini papo hapo.

"Jina lako?"

"Juninho."

Wachezaji wakaangua kicheko, wakamgeukia Mwiche, muuza samaki mfupi mwenye miguu myepesi. Juninho wa timu alikuwa yeye, tangu shuleni. Mwiche hakucheka. Jina lile alilipenda kuliko la ubatizo.

"Huyu atafute lingine," akasema.

"Hili njo jina langu," akajibu Chouchou. "Kwetu Kongo, kule Pweto, hata mama ananiitaka hivi."

Jumamosi timu ya Kilwa, kisiwa cha Ziwa Mweru, ikavuka kwa boti, na balaa likaanza. Ba Davison akipaza sauti, "Juninho, ingia!" wanaingia wote wawili. Akiita, "Juninho, rudi!" wanarudi wote, katikati panabaki peupe. Kilwa wakapita hapo hapo, kipa wao Esnart akaishia kuokota mpira wavuni. Halafu Juninho wote wakaukimbilia mpira mmoja, wakagongana vichwa, pu! Wakakaa mchangani wakitazamana.

"We uko na kichwa nguvu," Chouchou akasema.

"Na wewe, dada!" Mwiche akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka.

Wakati wa mapumziko Ba Davison akawaita kando. "Kule Brazili ba Juninho beko bengi. Kila mutu anaongeza jina ya kwao, basi."

"Mimi Juninho Mununga," Mwiche akasema haraka, ndiko alikozaliwa.

Wote wakangoja Chouchou aseme Pweto. Akainama, akafunga kamba ya kiatu.

"Mantapala," akasema. "Njo kule ninalima."

Majina yakawa marefu mno. Kocha akimaliza kuyatamka, mpira umeshakwenda. Wakaacha kumsikiliza, wakaitana wenyewe. "Mununga!" "Mantapala, chukua!" Mwiche akapenyeza pasi kati ya mabeki wawili, Chouchou akaisukuma wavuni. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja, na Mwiche akambeba mwenzake mgongoni hadi ukingoni mwa uwanja, ingawa alikuwa mzito kuliko alivyodhani.

Huko Esnart alikuwa anawangoja, mikono kiunoni.

"Jumamosi ijayo," akamwambia kocha, "na mimi niiteni Juninho."

Ba Davison akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.