Miwani Haivuliwi

Katika chumba kile cha ushonaji, chenye cherehani saba na meza moja ndefu ya kukatia, kila mtu alikuwa na jina la utani, na yeye alikuwa Darubini. Alibandikwa jina hilo siku ya kwanza alipoingia na vioo vyake vinene, wala hakulichukia. Mtu aliyevaa miwani tangu ana miaka minane hana tena cha kuficha usoni. Kazi yake ilikuwa ya mkono: matundu ya vifungo, mapindo ya nguo za harusi, na zaidi ya yote kufuma. Kufuma, pale kwao, ni kuziba tobo kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye nguo hiyohiyo, upande wa ndani ambako hakuna anayetazama, uzi mmoja unapita juu na mwingine chini, mpaka mwenye nguo ashindwe kukuonyesha tobo lilikuwa wapi. Wenzake wote walimshinda kwa cherehani. Kufuma alikuwa anajua yeye peke yake.

Sasa, akiwa na miaka arobaini na tisa, sindano ikaanza kumpiga chenga.

Mwanzoni alisingizia taa. Bosi, mwanamke kijana aliyeachiwa kazi hiyo na baba yake, akamfungia taa mpya juu ya kiti chake. Akasingizia uzi, akaletewa uzi mwingine. Alipoishiwa na visingizio akaenda kwenye duka la miwani akaomba vioo vikali zaidi, akapewa. Njiani kurudi aliweza kuhesabu ndege waliotua kwenye nyaya za umeme, akafurahi kweli. Alipoinamia sindano, ukungu ulikuwa umezidi. Baada ya miezi minane akaenda tena, akaomba vikali kuliko vile. Mtu aliyekwama kwenye tope akaagiza viatu vizito zaidi, utamwambia nini? Lakini yeye alikuwa hajui kwamba yuko kwenye tope. Alidhani anapofuka.

Na kilichomtisha kuliko yote ni hiki. Kila asubuhi akinawa uso, miwani ikiwa kando ya beseni, alikuwa anaviona vidole vyake vizuri kabisa, mpaka michirizi ya kucha. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye alikuwa anafumba macho haraka na kuipapasa miwani, roho juu, kama aliyekutwa anadokoa sukari. Kwa sababu Mama alimwambia tangu utotoni: miwani haivuliwi mpaka kitandani. Ukitazama kwa macho matupu unayatumia, na macho yakitumika yanakwisha kama sabuni. Alilishika neno hilo miaka arobaini na moja. Alivua miwani kulala, kuoga na kunawa, basi. Alioa akiwa nayo usoni, akapokea watoto wake mikononi akiwa nayo usoni.

Siku ya Jumanne Bosi alimwita pembeni, karibu na kabati la vifungo.

"Fundi, hili shati limerudi," akasema taratibu. "Angalia tundu hili."

Darubini aliliangalia. Aliona weupe tu, lakini kidole kilimwambia: tundu lilikuwa limepinda kama mdomo wa mtu anayelia.

"Hili la tatu mwezi huu," Bosi akaendelea. "Unajua nakuheshimu. Baba alisema nikikupoteza wewe nifunge duka. Lakini nimefikiria nikuhamishie kwenye pasi. Kule huhitaji macho sana."

"Pasi?"

"Usinitazame hivyo, fundi. Kuna koti limeletwa la kufuma, limerukiwa na cheche. Mwenyewe anamwoza binti yake Jumamosi. Nikupe, au nimwambie hatuwezi?"

"Nipe."

"Keshokutwa asubuhi nalitaka hapa. Likishindikana, tuongee habari ya pasi bila kuoneana haya."

Alilikunja koti akaondoka nalo. Sikiliza, pasi si kazi ya kudharauliwa. Nguo isiyopigwa pasi haivaliki. Lakini mtu ambaye mikono yake inajua jambo moja tu duniani, ukimwondolea hilo umemfanya mgeni kwenye mikono yake mwenyewe. Ndivyo alivyojiona siku hiyo.

Nyumbani alimkuta Mama peke yake. Mke wake alikuwa ameenda kumwangalia binti yao aliyejifungua. Mama huyu hakumzaa. Aliolewa na baba yake wakati Darubini ana miaka saba, mama mzazi akiwa ameshafariki, na katika nyumba ile neno "wa kambo" halikuwahi kupewa hata kiti. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane. Maandishi ya gazeti yalikuwa yameshamshinda, lakini kwa mbali alikuwa anaona mpaka nia ya mtu.

Kwa hiyo aliona. Mwanawe alikaa kibarazani, koti magotini, akalamba uzi, akaupeleka kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akalamba tena. Mara ya tisa Mama aliacha kuchambua mboga.

"Baba, una nini?"

Darubini alitaka kutania kama kawaida yake, utani ukakataa kutoka. "Naogopa, Mama," akasema. "Nadhani macho yamekwisha."

Mama alimtazama, mboga bado mkononi. Halafu akasema, "Kesho asubuhi unaomba ruhusa kazini. Tunaenda kwa daktari wa macho. Si dukani. Kwa daktari."

Daktari alikuwa binti mwenye sauti ya upole na viatu vya mpira. Alimwamkia Mama kwa shikamoo akamvutia kiti, kisha akampima Darubini herufi za ukutani, akammulika kwa kitochi, akaipima na miwani yake kwa kifaa. Alipomaliza aliuliza kazi yake ni nini. Alipoambiwa, akafungua droo, akatoa sindano na uzi. Labda za vifungo vyake mwenyewe.

"Vua miwani, baba, utunge uzi."

Darubini alimgeukia Mama. Mwanaume wa miaka arobaini na tisa, mwenye mjukuu, anamtazama mama yake kuomba ruhusa ya kuvua miwani!

"Avue?" Mama akang'aka. "Binti yangu, huyu haoni! Unataka ayamalize na hayo yaliyobaki?"

"Bibi, kwani yanakwisha?"

"Kama sabuni," Darubini akamsaidia mama yake.

Daktari aliuma mdomo asicheke. "Vua tu, baba. Nipo hapa."

Akavua. Ukuta ukayeyuka, daktari akawa koti jeupe lisilo na mtu. Akaisogeza sindano karibu na uso, umbali wa shibiri moja na kidogo, na tundu la sindano likajitokeza, jembamba, safi, na kingo zake. Uzi ukapita mara ya kwanza. Aliutazama ukining'inia upande wa pili asiamini, akauchomoa, akautunga tena, ukapita.

"Macho yako hayafi," daktari akasema. "Wewe huoni mbali, lakini karibu unaona. Miwani hii kazi yake ni kukufikisha mbali. Ulipokuwa kijana, jicho lilikuwa linajikaza ndani ya miwani hiyohiyo na kuona karibu pia, wala hukuhisi. Ukikaribia hamsini haliwezi tena. Ni mimi, wewe na kila mtu, zamu inafika. Na wewe kila likishindwa, ukawa unaongeza vioo vya mbali!"

"Kwa hiyo nilikuwa najiumiza?"

"Ulikuwa unajitesa tu. Nitakuandikia vya mbali vilivyo sawa, hivi vimezidi. Ukivuka barabara, vaa. Ukishona, vua. Kuvua hakuharibu, na kuvaa miaka yote hakukuharibu. Wapo ambao macho yao yakivuliwa miwani hayafiki popote, hao tunawapa vioo vingine vya karibu. Wewe umebahatika, baba. Pale unapoona bila miwani ndipo sindano inapokaa."

Darubini aliushika mkono wa yule binti kwa mikono yake miwili, akashukuru, akashukuru tena, mpaka mgonjwa aliyefuata akakohoa mlangoni. Mama alikuwa ameshasimama. Njia nzima alitembea akitazama chini, na Mama kutazama chini lilikuwa jambo la kutia wasiwasi.

Saa nane mchana Darubini alikaa kibarazani, akavua miwani, akaiweka dirishani. Alichomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la koti, za kijivu na zile chache za bluu ambazo mwenye koti mwenyewe hakujua kama zimo, akaanza. Juu, chini. Dunia yote nje ya ile shibiri moja ilikuwa rangi tu, na ndani ya shibiri kila unyuzi ulikuwa na jina lake. Alikuwa amesahau kwamba kazi yake ni nzuri hivyo. Alhamisi Bosi angelitafuta tobo lile dirishani na chini ya taa, asilipate, na asingetaja pasi tena; lakini mchana ule Darubini alikuwa hahitaji kuambiwa. Mikono ilikuwa imemrudia.

"Hayo ya sabuni niliyatunga mwenyewe," Mama akasema ghafla kutoka mlangoni.

Sindano ikasimama.

"Daktari wa zamani alisema uvae ukiwa darasani, uone ubao. Nyumbani uvue ukitaka. Mimi ndiye niliyesema haivuliwi."

Hofu ya miezi yote ile ikageuka hasira, na kwa mara ya kwanza maishani Darubini alikaribia kumpandishia mama yake sauti. "Kwa nini, Mama?"

"Nilipoolewa hapa, kila ukitoka shule nilikuwa nasimama mlangoni nakuchekea. Wewe unakuja na uso mkavu, unanipita mpaka ndani. Mwaka mzima, baba. Nikasema mtoto huyu hanitaki, na nyumba ambayo mtoto hakutaki si yako. Nikamwambia baba yako narudi kwetu. Sanduku nilikuwa nimeshalifunga. Ndipo mwalimu akatuita. Ukanunuliwa miwani. Siku ile ulipofika getini ukasimama, ukanitazama. Kisha ukacheka. Kumbe ulikuwa hunioni! Sasa mtu aniambie uivue nyumbani? Nirudie mwaka ule? Sikuthubutu."

Hasira ilimwishia palepale. Aliweka koti chini, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Asante, Mama."

"Ya nini? Ya kukudanganya?"

"Ya kufungua lile sanduku."

"Sasa hivi nacheka," Mama akasema. "Unaona?"

Kule mlangoni palikuwa na rangi ya gauni na giza la chumba nyuma yake. Mkono wake ulienda dirishani kwenye miwani, halafu ukarudi.

"Sioni. Sogea."

Alisikia kigoda kikiburutwa. Magoti yao yakagusana, Mama akainama, na uso wake ukaingia ndani ya ile shibiri: makunyanzi yote, kovu dogo la nyusi ambalo hakuwahi kulijua, pengo la jino, na tabasamu lenyewe. Darubini alilitazama bila haraka, kisha akamrudishia, pamoja na yale yote ya mwaka ule ambayo hakuyaona.